Mkwe wa Stesheni ya Bois-Perrin

Malvern, Johannesburg
3 Novemba 2024

Mwanangu Gaëlle,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na huyo aliye tumboni mzima pia. Mimi sijambo. Goti la kushoto linaniuma mvua ikinyesha, na mvua za hapa unazijua, zinakuja alasiri na radi, dakika ishirini, halafu jua. Basi goti nalo linauma dakika ishirini. Baba yako mdogo Pitchou anakusalimu kutoka Joubert Park, bado analinda lile jengo la ofisi. Keziah wa mlango wa pili anakusalimu pia. Yeye ndiye atakayeipiga picha barua hii na kukutumia kwa simu yake, kwa sababu nikipiga mimi kidole changu kinatokea.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu nikisikia sauti yako nalia, ukinisikia nalia na wewe unalia, halafu tunaagana kabla hatujasema kitu. Imekuwa hivyo tangu baba yako alipofariki, mwaka mmoja na miezi mitano sasa. Kalamu hainilizi. Nikikwama naweza kuinuka, nikashona mkono wa gauni la mtu, nikarudi.

Habari ya mtoto imenifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika. Katikati ya Machi si mbali. Viza nayo imetoka, inaanza Februari, siku tisini. Nimeitia ndani ya Biblia. Kuhusu kuja kwenyewe, tutaona Mungu anavyopanga.

Ulisema mmehamia nyumba inayotazamana na stesheni, ile anayofanyia kazi mwenzako. Baba yako angeisikia habari hiyo, swali lake la kwanza lingekuwa, "Ina njia ngapi?" Miaka kumi na sita aliuza tiketi dirishani pale Sakania, kwetu Kongo, na mpaka mwisho wake, hapa Malvern, alikuwa na kofia yake ya reli juu ya kabati. Aliisugua kwa kipande cha mkate mkavu. Hakuna kinachotoa vumbi kama mkate, alisema.

Niandikie kuhusu hiyo stesheni. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi naenda makaburini, na mara nyingi sina jipya la kumwambia. Nitamsomea.

Msalimie mwenzako, mwenye nyumba yako.

Mama yako,
Brigitte

*

Bois-Perrin
10 Novemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Jambo sana. Sisi wazima, mtoto anacheza hasa nikila kitu chenye pilipili. Goti lako je? Usicheke Kiswahili changu, nakiandika kama Baba alivyonifundisha pale mezani, na penye pengo najaza mwenyewe.

Mama, "tutaona" ni nini? Viza unayo. Ni mtoto wangu wa kwanza. Mama za wenzangu wote wa kazini hospitalini wanakuja, hata wa kutoka visiwa vya mbali. Nani atanionyesha kumwogesha? Nafikiri unaogopa safari, hasa ile ya treni kutoka uwanja wa ndege, maana mwenzangu Firmin huenda akawa zamu na mimi tumbo litakuwa limefika puani. Basi nakueleza stesheni yetu vizuri, na utaona hata mtoto anaweza kufika.

Mwambie Baba ina njia nne. Treni zetu zinasimama kwenye mbili za pembeni. Mbili za kati ni za treni za mbali, zinapita kama zimetukasirikia, na madirisha yetu yanatetemeka. Kutoka Paris ni dakika ishirini na mbili. Mchana inakuja kila baada ya robo saa. Ukishuka kwenye ndege unafuata alama yenye picha ya treni, unabadilisha mara moja tu, na hata hapo huondoki jukwaani, unavuka upande wa pili.

Ukifika Bois-Perrin, usishuke ngazi. Kuna lifti mbili, moja kila jukwaa, na mlango wake ni mpana, sanduku lako lile la kahawia linaingia na wewe unabaki na nafasi. Ikiharibika, kuna kitufe cha kijani ukutani, ukibonyeza mtu anakujibu na anakuja. Mara nyingi mtu huyo ni Firmin. Ana ubao wa chuma wa kukunja, anauweka kati ya behewa na jukwaa kwa ajili ya watu wa viti vya magurudumu na mama wenye vigari vya watoto. Dirisha la tiketi liko wazi mpaka saa mbili usiku, na pembeni kuna mashine. Chumba cha kungojea kina joto, benchi la mbao na choo safi. Kuna duka dogo la mama wa Kireno, anauza kahawa na mkate. Nje kuna mabasi matatu, banda la baiskeli, masanduku ya kupokelea vifurushi, na Jumamosi soko uwanjani. Mlango wetu uko ng'ambo ya uwanja huo. Hatua tisini, nimehesabu.

Nyumba ni vyumba viwili na bafu moja, kila kitu kiko karibu. Utalala chumba cha mtoto.

Firmin anakusalimu. Anasema kila akichukua simu akuamkie, mtandao wa Johannesburg unakatika. "Mama yako na mtandao," anasema, "wana mapatano."

Binti yako,
Gaëlle

*

Malvern
24 Novemba 2024

Mwanangu Gaëlle,

Amani iwe kwako. Mimi mzima, goti pia. Unakula mchicha? Kula mchicha.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza mwenyewe, ya pili kwa Keziah, ya tatu kwa kina mama wa kwaya baada ya ibada, na hao walitaka kujua bei ya mkate wa yule Mreno. Mara ya nne nitamsomea baba yako Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Njia nne! Sakania zilikuwa nyingi zaidi ukihesabu za mizigo, lakini treni ya watu ilikuja inapotaka. Siku nyingine alifungua dirisha asubuhi, watu wakajipanga, na treni ikafika kesho yake. Aliwauzia tiketi ile ile ya jana akiwaomba msamaha mmoja mmoja kwa jina. Nikimpelekea chakula namkuta ana sauti imekauka kwa kuomba msamaha kwa kosa lisilo lake.

Unakumbuka alivyokuwa anakupeleka Park Station Jumapili, wewe una miaka saba? Mlikuwa hamwendi popote. Mlisimama tu kusoma ubao wa saa za treni na mabasi, na ukarudi unanitajia miji.

Kuhusu safari, si lifti inayonisumbua. Januari ni mwezi wa sare za shule, mwanangu. Nimeshapokea sketi arobaini na mashati sijui mangapi, na mtaa huu wa Jules Street mtu akikosa sare kwako mara moja, mwaka unaofuata anakwenda kwa mwingine. Tuone Januari inaishaje.

Ila umenieleza stesheni ya leo. Iliyokuwa kabla je? Nani aliijenga, nani waliuza tiketi pale zamani? Mahali pakiwa na watu wa zamani mimi napazoea haraka.

Salamu kwa mwenye nyumba yako.

Mama yako

*

Bois-Perrin
8 Desemba 2024

Mama yangu,

Jambo sana. Mchicha nakula. Habari yangu si mbaya lakini si nzuri sana: presha imepanda, daktari amenisimamisha kazi na kuniambia nilale, niinuke kwa kuoga na kula tu. Usiogope. Mtoto mzima kabisa. Ila sasa siku nzima niko dirishani na mto mgongoni, natazama stesheni kama mtu anayeangalia televisheni. Kwa hiyo swali lako limenipa kazi. Firmin amenakili mabango ya historia yaliyo kwenye chumba cha kungojea, na mzee mmoja mteja wake amemweleza yasiyoandikwa.

Reli ilipita hapa mwaka 1864, na haikusimama. Mwenye mashamba alikuwa hataki moshi kwenye miti yake ya cheri. Watu walikwenda kwa miguu saa nzima kupanda treni kijiji cha pili. Mwenye mashamba akafa, mwanawe akauza, na mwaka 1871 wakajenga kibanda cha mbao. Jengo la matofali unaloniuliza ni la 1883. Zamani stesheni haikuwa ya watu, Mama, ilikuwa ya mboga. Maharagwe mabichi, cheri, maua. Wanawake walileta kwa mikokoteni, treni ikapeleka soko la Paris, na dirishani walijua bei ya maharagwe kuliko bei ya tiketi.

Mwaka 1910 mto ulifurika. Maji yalifika ndani mpaka chini ya dirisha la tiketi, kuna mstari umechorwa ukutani. Mkuu wa stesheni aliuza tiketi akiwa amesimama juu ya kreti. Wakati wa vita ndege zilipiga ghala la mizigo, ndiyo maana upande mmoja wa jengo una matofali ya rangi nyingine. Na palipo na njia ya chini kwa chini leo, zamani watu walivuka juu ya reli, na kizuizi kilishushwa kwa mkono na mjane mmoja. Mume wake alikuwa fundi wa reli, alipokufa kampuni ikampa mke ile kazi na kijumba cha pembeni. Alikaa miaka thelathini na moja. Yule mzee anasema alikuwa akiwapigia kelele watoto wa shule, naye mzee alikuwa mmoja wao: "Wewe kichwa kikubwa, treni haina macho!" Njia ya chini ilipofunguliwa, 1974, hakuitumia hata mara moja. Alizunguka darajani.

Hayo ndiyo ya zamani. Sasa na mimi nikuulize ya leo. Firmin akienda kazini nabaki peke yangu kwa saa tisa. Mwanamke wa ghorofa ya chini ananiletea supu, Mungu ambariki, lakini si wewe. Sketi za watu zina mama zao, Mama. Mimi mama yangu ni wewe. Unaogopa nini? Niambie tu, nitamtuma Firmin akupokee mpaka mlangoni pa ndege.

Binti yako

*

Bois-Perrin
5 Januari 2025

Mama,

Heri ya mwaka mpya. Keziah ameniambia barua yangu uliipata siku ile ile. Ni wiki nne. Krismasi uliniimbia kwenye simu, Firmin alipokuja kukuamkia ukampa Keziah simu.

Kama hutaki kuja, sema hutaki. Nitaumia, halafu nitazoea. Lakini usinifanye nimwandalie mtu kitanda ambacho hatalalia.

Gaëlle

*

Malvern
12 Januari 2025

Mwanangu,

Nakusalimu kwa upendo, na kwanza nakuomba msamaha. Barua hii Keziah hakuiona. Nimeipiga picha mwenyewe, ndiyo maana kuna kidole. Hukuweka "binti yako" kwenye barua yako ya mwisho, na nimekaa na nafasi hiyo tupu wiki nzima.

Siogopi ndege. Siogopi treni, mke wa Ezéchiel ataogopaje treni. Sketi zilikuwa kweli lakini Mama Mwende wa kanisani angezimaliza. Ngoja nikuambie lililo kweli, na ulisome ukiwa umekaa.

Kwetu, sisi Wabemba wa upande wa Sakania, mama na mume wa binti yake hawaingiliani. Hawali chungu kimoja, hawaitani majina, hawalali chini ya paa moja. Si chuki, ni heshima. Inakaa hivyo mpaka siku upande wa mke unampikia mkwe, unamwita, unamfunulia vyungu na kumwambia: ingia, nyumba ni yako. Tunasema mkwe ameingizwa. Baada ya hapo ni mtoto wako kama watoto wengine, hata akikukuta umevaa kanga moja.

Bibi yako, mama yangu mzazi, kabla baba yako hajaingizwa, siku moja walikutana naye njiani uso kwa uso. Hakukuwa na pa kupita. Bibi yako, mtu mzima, mke wa mwalimu, aliingia kwenye banda la kuku la jirani na kujifungia. Baba yako akasimama nje hajui la kufanya, akawaambia kuku, "Habari za asubuhi," akaenda zake. Tangu walipompikia, walicheka wote wawili juu ya banda lile mpaka bibi alipofariki.

Mwenzako hajaingizwa. Wajomba zake walileta mahari hapa Malvern, mkafunga ndoa huko, na baba yako akasema, "Kilichobaki ni vyungu tu, tutafanya Desemba watakapokuja." Juni akaondoka. Desemba hamkuja, tulikuwa na kilio. Na anayeita ni upande wa baba. Mama mkwe hajiitishii. Ningesema mimi, ingekuwa kama nataka zawadi, au kama nasema baba yako aliondoka na deni la heshima. Hilo la pili ndilo lililonifunga mdomo.

Uliniandikia nyumba ina vyumba viwili na bafu moja, kila kitu kiko karibu. Ulifurahi kuniambia. Mimi niliposoma nilikaa kitandani nikasema, nitaoga wapi? Nitatokaje chooni asubuhi nikamkuta amesimama na mswaki? Nikakuona wewe umelala, unataka maji, na mimi nimejificha jikoni kwa sababu yeye yuko sebuleni. Nikaona nitakuwa mzigo wa pili badala ya msaada.

Nilipaswa kukufundisha haya. Ulikua hapa, shule, Kiingereza, nikasema atayajua mbele ya safari. Hukuyajua, na kosa ni langu.

Usimlaumu mwenzako. Hajui, mama yake ni wa Bukavu, na yeye miaka sita sasa yuko Ufaransa.

Mama yako, kama bado unamtaka

*

Bois-Perrin
19 Januari 2025

Mama yangu, mama yangu, mama yangu,

Ni mimi binti yako. Niliandika vile kwa hasira na nilijua hutakosa kuona.

Mama! Nimekuandikia mambo ya lifti! Nimekuandikia mpaka upana wa mlango wa lifti! Nimemtuma Firmin na kamba ya kupimia, watu wanamwangalia! Na wewe muda wote unawaza bafu. Nimecheka mpaka mwanamke wa chini akapanda kuuliza kama uchungu umeanza. Halafu nikalia kidogo, kwa sababu ya Baba na kuku wale.

Nilimsomea Firmin. Alisikiliza na sare yake ya kazi bado mwilini. Akauliza, "Kwa hiyo si mtandao?" Nikamwambia si mtandao. Akasema, "Miaka miwili nilidhani Mama hanipendi. Nimekuwa nikijiuliza nilimkosea nini." Mama, hilo hukulijua, wala mimi.

Akampigia mama yake. Yule mama alimcheka: "Na wewe ulifikiri mkwe anaingia tu kama anaingia sokoni? Enda uitike ukiitwa." Nami nikampigia baba mdogo Pitchou, maana ndiye wa upande wa Baba aliyebaki huko. Akasema, "Eish. Mtoto, mimi nilijua kaka alishamaliza. Nimeona aibu mpaka kwenye kofia." Nikamwambia basi ita. Akasema, "Ninaita. Mwambie huyo kijana wa treni aje ale. Na aje na tumbo tupu."

Wewe hujajiitishia, Mama. Umeitiwa.

Firmin alitaka mfanye kwa simu, yeye huku anakula, ninyi huko mnaongea. Nikamwambia mtu anaingizwaje nyumba ambayo hajaifikia? Basi amebadilishana zamu na Naseeb, mwenzake wa dirishani. Naseeb anamshikia siku nne za Februari, Firmin atamshikia siku zote za Pasaka. Stesheni haiwezi kukaa bila mtu, ndivyo wanavyofanya kazi wao, siku inalipwa kwa siku. Anafika kwenu Ijumaa tarehe saba, anaondoka Jumanne. Dada yake anakuja kukaa nami. Daktari amesema presha imeshuka.

Anauliza alete nini. Anauliza avae nini. Anauliza akikutana nawe uwanja wa ndege afanyeje. Nimemwambia awaamkie kuku.

Binti yako,
Gaëlle

*

Malvern, Johannesburg
16 Februari 2025

Mwanangu Gaëlle,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima kabisa, goti halina habari. Unalala vizuri? Miguu bado imevimba? Usisimame.

Firmin ameshakusimulia, najua, lakini yeye alikuwa upande wa kula. Ngoja nikusimulie upande wa kupika.

Ijumaa baba yako mdogo alimpokea na kumpeleka kwake Joubert Park. Mimi sikumwona. Jumamosi tangu asubuhi tulikuwa wanawake watano jikoni. Sombe ya majani ya muhogo, lengalenga, ule mchicha wa kwetu, na karanga, samaki wakavu, viwavi kutoka kwa Mama mmoja wa soko la Yeoville, maharagwe, kikanda, ule mkate wa mizizi ya porini, nilichokipika mwenyewe kwa sababu wa hapa wanakiacha laini mno. Na kuku mzima. Kuku wa mkwe hakatwi jikoni, ndiye anayemkabidhi nyumba.

Saa saba Pitchou akaingia na sare yake ya ulinzi, ametoka zamu moja kwa moja, beji kifuani. Nikamwambia, "Shemeji, hukupata hata shati?" Akasema, "Leo mimi ni kaka Ezéchiel. Kaka alikuwa na sare, na mimi nina sare." Akakaa kwenye kiti cha baba yako, ambacho hajawahi kukikalia, na hakuegemea.

Nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni, kama inavyotakiwa. Nikamsikia Firmin anavua viatu mlangoni. Pitchou akamwambia, "Unajua kwa nini umeitwa?" Akasema, "Ndiyo, baba. Nimekuja kuitika." Mama Mwende akaanza kufunua vyungu kimoja kimoja na kumweleza kila chakula, hivi ndivyo mke wako anavyokula kwao, hiki akipika usikikatae. Kwenye viwavi akafunua tu. Keziah, ambaye alikuwa amesema yeye ni Mkenya hayamhusu, akachungulia mlangoni: "Mkwe, vinakuangalia au wewe ndiye unaviangalia?" Firmin akala kimoja. Akala cha pili. Akasema kwa kile Kiswahili cha Bukavu, "Biko muzuri, lakini biko na miguu." Nyumba ikaanguka kwa kicheko.

Kisha Pitchou akasimama na kuku. Akasema maneno ambayo baba yake aliyasema kwa watu wengine huko nyumbani, na aliyasema yote bila kukosea, sijui aliyaweka wapi miaka yote hii. Mwisho akasema, "Kaka yangu alitaka kuyasema haya mwenyewe. Njia ilimwishia. Nayasema kwa mdomo wangu, ni ya kwake." Akaniita. Nikatoka nyuma ya pazia, nikamtazama mume wako usoni kwa mara ya kwanza. Ni mrefu kuliko kwenye picha. Ana kovu dogo juu ya jicho ambalo hukuniambia. Nikamwambia, "Firmin, karibu nyumbani." Nikamkatia paja la kuku nikampa mkononi, akala akilia, na mimi nikala bawa nimekaa pembeni yake, kwenye kochi lile lile.

Jumapili tulikwenda makaburini wote. Firmin alimsomea baba yako mwenyewe, kwa sauti ya stesheni, saa za treni zote za asubuhi kutoka Bois-Perrin, bila karatasi. Anazijua kwa kichwa. Sikuwa nimemwomba. Nilisimama nikasikiliza mpaka ile ya saa tano na dakika nane.

Jumatatu asubuhi, maana sasa alilala kwangu, nilitoka bafuni nikamkuta na mswaki. Nikamwambia, "Pita, mwanangu." Akapita.

Alitaka niondoke naye Jumanne. Nikamwambia hapana, kuna magauni ya harusi ya binti wa mchungaji, nimeahidi, na nina sababu ya pili. Nataka kuja peke yangu. Nataka kufuata ile alama ya treni mwenyewe, nibadilishe mwenyewe, nivuke jukwaa mwenyewe. Nimekaa mke wa reli miaka thelathini na nne na sijawahi kufika kwa treni mahali ambapo mtu wangu ananingojea. Mara zote mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale na chakula kwenye bakuli. Firmin amesema sawa. Amesema tarehe hiyo yuko zamu, atakuwa jukwaani na ubao wake wa chuma, nipende nisipende.

Napanda ndege Alhamisi jioni, tarehe ishirini na saba. Ijumaa kabla ya saa sita mchana utaniona kutoka dirishani kwako. Nitavaa koti la kijani la Keziah. Usishuke, lala hapo hapo, nitapanda.

Kama mtoto ataamua kunitangulia, msimkemee, mwambieni bibi yuko njiani.

Alhamisi hiyo jioni ukisali, Gaëlle, unikumbuke.

Mama yako,
Brigitte